Usiku Mmoja Majini: Chagua Kitanda Kabla ya Kulipa Nauli

Msafiri wa meli akifika dirishani pa tiketi huuliza mambo mawili: nauli ni kiasi gani, na meli itang'oa nanga saa ngapi. Jambo la tatu, ambalo ndilo litakaloamua ataamka vipi kesho yake, aghalabu haliulizi. Nalo ni hili: kitanda changu kiko sehemu gani ya meli?

Sisi wauguzi tunaofanya kazi katika miji ya kando ya Ziwa Victoria huwapokea watu walioteremka melini alfajiri hiyo hiyo. Wako wagonjwa wa rufaa wanaokwenda Bugando, wako akina mama waliokuja kumwuguza ndugu, wako wafanyabiashara wa ndizi na samaki wanaotoka bandarini moja kwa moja hadi sokoni. Ukimtazama mtu usoni unajua kama alilala au alikesha.

Tunamkumbuka bibi mmoja aliyeletwa na mkwe wake ili atolewe mtoto wa jicho. Siku ya upasuaji ilikuwa imepangwa tangu mwezi uliotangulia. Walikuwa wamekaa usiku kucha kwenye benchi lililokuwa juu ya mitambo ya meli, wakitetemeshwa na injini, wakati vitanda vilikuwa vimebaki katikati ya meli na fedha ya kulipia walikuwa nayo. Hawakujua la kuuliza. Asubuhi shinikizo la damu la bibi lilikuwa juu mno, na daktari akaahirisha upasuaji. Mkwe naye alikuwa amechoka hata hakuweza kueleza vizuri ni dawa zipi bibi alikuwa anatumia. Kwa usiku mmoja wa kukesha, familia ile iliingia gharama ya siku nyingi za kukaa mjini.

Kwa hiyo, mpendwa msomaji, tusidhani kwamba kulala vizuri melini ni anasa ya matajiri. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kila usiku, na mtoto wa shule ya msingi saa 9 hadi 12. Anayefika mjini na kazi ya kufanya, au na mgonjwa wa kumtunza, anauhitaji usingizi huo zaidi kuliko siku nyingine.

MELI HUCHEZA WAPI ZAIDI?

Katika Ziwa Victoria, meli iliyozoeleka kwa safari za usiku ni MV Victoria, inayokwenda kati ya Mwanza na Bukoba kupitia bandari ya Kemondo. Iliundwa na kampuni ya Yarrow huko Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Baada ya ukarabati mkubwa ilirudi majini mwaka 2020 kwa jina la MV New Victoria Hapa Kazi Tu, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 400. Ndani yake, kama katika meli nyingi za abiria, mna vyumba vya vitanda na mna sehemu za viti, na nauli hutofautiana.

Watu wengi hudhani kwamba anayelipa zaidi ndiye atakayelala zaidi. Si lazima. Meli ni kama ile pembea ya ubao ambayo watoto wawili hukalia, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Watoto walio kwenye ncha hupanda na kushuka sana, lakini mtoto atakayekaa katikati ya ubao hasogei ila kidogo. Meli inapokutana na wimbi, omo yake, yaani sehemu ya mbele, hunyanyuka na kushuka. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, hufanya vivyo hivyo. Katikati pametulia.

Meli pia hulala upande huu na upande ule. Ndiko kwenda mrama. Hapo aliye juu ndiye anayesumbuka. Tazama mnazi wakati wa upepo: shina halitikisiki, lakini kilele kinakwenda huku na huku. Chumba kilicho ghorofa ya juu kabisa kina dirisha zuri na mandhari ya kupendeza, lakini ziwa likichafuka hicho ndicho kitakachoyumba zaidi.

Wenzetu wa pwani wana methali isemayo, "Tezi na omo, marejeo ni ngamani." Ngama ni ile sehemu ya chini ndani ya chombo, na maana ya methali ni kwamba mtu huzunguka kote lakini mwishowe hurudi kwao. Kwa anayetafuta usingizi, mabaharia wale walisema kweli mara ya pili: si tezi, si omo, rudi katikati na chini.

Wengine husema, "Ziwa limetulia, hakuna haja." Wanasema hivyo saa tatu usiku. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na hewa ya baridi hushuka kutoka pande zote ikakutana juu ya maji. Ndiyo sababu radi na mvua za Ziwa Victoria hupiga zaidi kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, wakati ambapo wewe umelala. Chagua kitanda kwa kufikiria saa tisa ya usiku.

KELELE NA HEWA

Baada ya mchezo wa meli, adui wa pili ni kelele. Mitambo ya meli aghalabu huwa chini, upande wa nyuma, na huko huko nyuma ndiko liliko pangaboi linaloisukuma meli. Mtikisiko wake hupita katika chuma, hata ukiziba masikio utausikia mgongoni. Kwa hiyo tunaposema "chini" hatuna maana ya juu ya injini. Tafuta chini lakini mbali na nyuma. Mbele kabisa nako kuna minyororo ya nanga, ambayo hulia kwa kishindo meli inapofika bandarini.

Usisahau kelele za wanadamu. Chumba kilicho jirani na choo, ngazi, mgahawa au mlango wa kushukia hakina utulivu, kwa maana watu hupita usiku kucha. Ukitoka Mwanza, meli hufika Kemondo kabla ya Bukoba, na hapo wachukuzi huitana na mizigo huburutwa. Anayeshukia Bukoba na kulala karibu na mlango ataamshwa kabla ya wakati wake. Mkoba wako uwe na pamba safi. Viringisha kipande kikubwa kiasi cha kuziba mlango wa sikio tu, usikisukume ndani. Chukua na kitambaa cheusi cha kufunika macho, kwa kuwa taa za ukumbini mara nyingi hazizimwi.

Jambo la tatu ni hewa. Chumba kisicho na dirisha wala feni inayofanya kazi kitakuwa na joto, hasa kikiwa na watu wanne au sita. Kabla ya kuweka mizigo, washa feni, fungua dirisha uone kama linafunguka, na unuse. Ukisikia harufu ya moshi wa dizeli au ya rangi mbichi, omba ubadilishiwe mapema, vyumba kabla havijajaa. Tena kumbuka kwamba ziwa hili liko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa majini una baridi. Shuka la meli peke yake halitoshi. Beba kitenge kizito au blanketi.

Hapa tunatoa onyo. Asithubutu mtu kuwasha jiko la mkaa ndani ya chumba, hata kwa kuchemsha uji wa mtoto. Vilevile dereva asilale ndani ya gari lenye injini inayonguruma kwenye sitaha ya magari. Hewa ya sumu iliyomo katika moshi wa mkaa na wa injini haina harufu ya kukuonya, na anayelala ndani yake anaweza asiamke.

NANI APEWE KITANDA KIPI?

Familia ikiwa na tiketi nne, kwa kawaida baba huchukua kitanda cha chini kwa heshima, watoto wakapanda juu kwa furaha. Yafaa tupange kwa kuangalia mwili wa kila mmoja.

Mama mjamzito: Kitanda cha chini, katikati ya meli, karibu na choo lakini si ukuta kwa ukuta nacho. Atakojoa mara nyingi usiku, na ngazi ya kitanda cha juu katika meli inayoyumba ni hatari kwake. Alale kwa ubavu, hasa wa kushoto, na aweke nguo iliyokunjwa mgongoni ili asibingirike.

Mtoto mchanga: Alazwe chali, juu ya godoro lisilobonyea, bila mito wala nguo nyingi usoni. Kitanda cha meli ni chembamba, na mama aliyechoka anaweza kumlalia mtoto pasipo kujua. Kama kuna kitanda cha pili cha chini, mtoto alazwe huko upande wa ukutani, na mtu mzima mwingine akae kando yake kwa zamu.

Mtoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili: Huyu ndiye hutapika zaidi safarini kuliko watu wote. Asilale kitanda cha juu, kwa hatari ya kuanguka na kwa sababu hiyo ya kutapika.

Mzee na mgonjwa wa shinikizo la damu: Kitanda cha chini, mbali na mitambo. Dawa zake zikae mkobani, si kwenye sanduku lililopelekwa ghala la mizigo. Vile vidonge vinavyomfanya mtu akojoe sana kwa kawaida hunywewa asubuhi. Akivinywa jioni atashinda chooni usiku mzima. Asibadilishe saa wala kipimo bila kuuliza kliniki yake kabla ya safari.

Mwenye pumu: Chumba chenye dirisha linalofunguka, upande ambao moshi wa bomba hauelekei. Dawa yake ya kuvuta iwe chini ya mto.

Msindikizaji: Huyu husahauliwa daima. Dada au mkwe anayempeleka mgonjwa ndiye atakayesimama foleni, atakayejibu maswali ya daktari na kukumbuka maelekezo. Naye apewe kitanda. Wakiwa wawili, wagawane usiku, mmoja alale nusu ya kwanza na mwingine nusu ya pili.

KICHEFUCHEFU

Ndani ya sikio kuna kiungo kidogo kinachouarifu ubongo kwamba mwili unasogea. Ukiwa chumbani, sikio linasema "tunayumba," na macho yanayotazama ukuta yanasema "tumetulia." Ubongo unachanganyikiwa, na tumbo ndilo linalolipa. Wanawake hupata shida hii kuliko wanaume, na wajawazito zaidi. Watoto walio chini ya miaka miwili hawaipati kwa urahisi.

Tiba ya kwanza ni kulala chali, kichwa kimetulia, macho yamefumbwa. Kama bado hujalala, toka ukapate hewa na utazame mbali pale ambapo maji yanakutana na mbingu, au taa za nchi kavu, kuliko kusoma kitabu. Kula chakula chepesi saa mbili au tatu kabla ya kupanda: ndizi, mkate, uji. Acha maharage na vyakula vya mafuta mengi mpaka ufike. Chai ya tangawizi huwasaidia baadhi ya watu.

Dawa za kuzuia kichefuchefu zipo, na hufanya kazi vizuri zaidi zikinywewa kabla ya safari kuliko baada ya kuanza kutapika. Nyingi huleta usingizi. Mwulize muuguzi au mfamasia kwanza, hasa ukiwa mjamzito au ukinyonyesha. Dawa iitwayo promethazine asipewe mtoto aliye chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kumzuia kupumua. Na mtu asichanganye dawa hizi na pombe.

HOFU NAYO HUKESHA

Wako wanaokosa usingizi si kwa mawimbi bali kwa kumbukumbu. Tarehe 21 Mei, 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia ya ndugu zetu walipotea. Kando ya ziwa hili ni vigumu kupata mtaa ambao haukuguswa. Mama aliyempoteza mtu siku ile akifunga macho melini, usimwambie "acha woga." Woga wake una sababu.

Tumeona kwamba hofu hupungua mtu anapopewa kazi ya kufanya. Mkifika chumbani, kabla ya kutandika, fanyeni haya. Hesabuni majaketi ya kuokoa maisha, na hakikisheni liko la kila mtu, na la mtoto kwa kipimo chake. Kila mmoja alivae mara moja na kulifunga kamba. Tembeeni kutoka kitandani hadi nje, mkihesabu milango kwa kuigusa, ili hata gizani mkono ukumbuke njia. Mizigo isizibe mlango wala korido. Na mkiona meli imejaa kupita kiasi, teremkeni kungali mapema. Nauli hupatikana tena.

Akishayafanya hayo, mwenye hofu huweza kulala, kwa kuwa anajua atafanya nini akiamshwa.

UKIKOSA KITANDA

Si kila mfuko unaweza kulipia kitanda, nasi tunalijua hilo. Mwenye tiketi ya kiti afike mapema, achague kiti cha katikati ya ukumbi, mbali na mlango, choo na injini. Aviringishe khanga kuwa mto wa shingo. Miguu aiweke juu ya mzigo wake, na kila baada ya saa moja au mbili asimame atembee kidogo, maana damu ikituama miguuni huleta uvimbe, na kwa mjamzito au aliyetoka kufanyiwa upasuaji inaweza kuganda. Kama mna fedha ya kitanda kimoja tu, apewe aliye dhaifu, wala si aliyekata tiketi.

ZILE MELI KUBWA ZA KITALII

Siku hizi baadhi ya wazazi hualikwa na watoto wao walioko Ulaya au Marekani kusafiri katika meli kubwa za kitalii, kama zile ambazo hutia nanga Mombasa na Zanzibar. Kanuni ni ile ile: katikati na chini. Meli hizo nyingi zina mapezi ya chuma ubavuni yanayopunguza kwenda mrama, lakini hayazuii omo kupanda na kushuka.

Kampuni huonyesha ramani ya kila ghorofa. Mwombe kijana wako aitazame, aangalie kilicho juu na chini ya chumba chenu. Kizuri ni chumba kilicho kati ya ghorofa mbili za vyumba vingine. Kibaya ni kilicho chini ya bwawa la kuogelea au mgahawa, ambako viti huburutwa alfajiri, na kilicho juu ya ukumbi wa muziki. Vyumba vyenye mlango wa ndani wa kuunganishia na jirani hupitisha sauti. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ni rahisi, tena kina giza zuri la kulalia, lakini asiyependa kufungiwa hatakifurahia, na mzee atahitaji taa ndogo ya kwendea chooni. Tahadhari pia na tiketi ya bei nafuu ambayo kampuni ndiyo itakayokuchagulia chumba. Hapo utapata kilichobaki.

MASWALI YA DIRISHANI PA TIKETI

Kata ukurasa huu au uyaandike kwenye karatasi:

1. Kitanda hiki kiko mbele, katikati au nyuma ya meli?
2. Kiko ghorofa ya ngapi, na mitambo iko wapi?
3. Ni cha juu au cha chini? Tuna mjamzito, mzee au mtoto.
4. Chumba kina watu wangapi, na ni cha wanawake peke yao?
5. Kina dirisha linalofunguka au feni?
6. Choo kiko umbali gani?
7. Kama hakifai, naweza kubadilishiwa kabla ya meli kuondoka?

Karani mwema atakujibu. Akikuona unaijua meli, hatakupa kile kitanda ambacho wengine wamekikataa. Usione haya kuuliza hata kama foleni ni ndefu nyuma yako. Dakika mbili za maswali zitakupa usiku mzima wa kupumzika, na asubuhi utateremka na nguvu za kulifanya lile lililokusafirisha.